Mabomba ya mafuta ya sheli: kazi yote iko kabla ya kufukia

Bomba la mafuta lililozikwa ni nadra kuvuja katikati. Ukichimbua mahali palipovuja, mara nyingi unakuta ukuta wa bomba ni mzima kama ulivyotoka dukani. Tatizo liko kwenye ungio, au pale bomba linapoingia kwenye chemba (kisanduku kilichozikwa juu ya tanki au chini ya pampu), au kwenye jiwe moja lenye ncha lililoachwa chini yake likawa linalikwangua kila lori linapopita juu. Kwa hiyo siku chache ambazo mtaro uko wazi ndizo zinazoamua kama sheli itakaa miaka ishirini bila kupoteza mafuta. Zege likishamwagwa, kosa la dakika tano linarekebishwa kwa kuvunja sakafu nzima ya kituo.

Maelezo haya yanahusu kituo cha kawaida cha huku kwetu: matanki mawili au matatu ya ardhini, pampu mbili hadi sita, petroli na dizeli. Vibali viwe mkononi kabla kijiko hakijagusa ardhi, yaani vya mamlaka za nishati na mazingira: EWURA na NEMC kwa Tanzania, EPRA na NEMA kwa Kenya. Hapa naingia moja kwa moja kwenye mtaro.

Mteremko unaanzia kwenye tanki

Kila bomba linatakiwa literemke kuelekea tanki, si chini ya sentimita 1 kwa kila mita. Sheria hiyo kila fundi anaijua. Kinachosahaulika ni kupiga hesabu yake kabla tanki halijashushwa shimoni.

Chukua pampu ya mwisho iliyo mita 24 kutoka kwenye tanki. Mteremko peke yake ni sentimita 24. Upande wa pampu, juu ya bomba panahitaji kama sentimita 45 za kulifunika, zege likiwemo, kwa sababu malori yanapita hapo. Kwa hiyo mgongo wa bomba likifika kwenye tanki uko sentimita 69 chini ya sakafu. Ongeza unene wa bomba lenyewe, sentimita 7.5 kama ni la kuta mbili la milimita 75. Ongeza sentimita 15 za nafasi kati ya tumbo la bomba na sakafu ya chemba. Umeshafika sentimita 91 na nusu, na chemba bado inakaa juu ya shingo ya tanki. Tanki hilo linatakiwa mgongo wake uwe karibu mita moja chini, au zaidi. Mkandarasi akilizika kwa sentimita 60 kwa sababu ndivyo alivyofanya kwenye kituo kilichopita, hapo mteremko umeshakufa. Fundi wa mabomba atakuja wiki ya pili na kulazimika kulaza bomba likiwa bapa, au kulipandisha kilima katikati.

Bomba bapa lina madhara matatu. Kwenye mfumo wa kuvuta, ambao pampu ya juu inanyonya mafuta kutoka tankini, hewa na mvuke wa petroli hujikusanya kwenye kilima na pampu inaanza kukohoa. Kwenye bomba la kupumulia, mafuta hutuama bondeni na kuziba pumzi ya tanki, lori linashusha kwa shida na mvuke unatoka panapotokea upenyo. La tatu ndilo kubwa kwenye bomba la kuta mbili: ukuta wa ndani ukivuja, mafuta yanatakiwa yateremke kati ya kuta hizo mbili mpaka chemba ya tanki, ambako kuna kitambuzi cha uvujaji. Pasipo mteremko yanakaa humo humo na hakuna anayejua.

Kupima, kamba na pimamaji ya sentimita 30 havitoshi kwa umbali huo. Tumia leza, na kama huna, mpira wa levo wenye maji unafanya kazi vizuri sana ukihakikisha hauna mapovu ya hewa. Piga vigingi kila mita 2, andika kimo kwenye kila kigingi, kisha laza bomba kwa kufuata namba hizo. Bomba la koili lina kumbukumbu ya kujikunja, kwa hiyo lifungue siku moja kabla na ulilaze chini limenyooka, limekandamizwa kwa mifuko ya mchanga. Mifuko hiyo hiyo ndiyo ya kushikilia bomba mtaroni. Matofali, vipande vya mbao na nondo havitakiwi kubaki chini ya bomba hata kimoja, kwa sababu mchanga ukishatulia, uzito wote unabaki pale penye tofali.

Kitanda cha bomba

Chini ya bomba weka sentimita 15 za mchanga safi wa mtoni au kokoto ndogo za mviringo za milimita 3 hadi 10, na pembeni na juu vile vile. Kokoto za kupasuliwa na mashine hazifai hata zikiwa ndogo, kingo zake ni visu. Kati ya bomba na bomba acha nafasi isiyopungua unene wa bomba moja. Zikikaribiana mno mchanga hauingii katikati na kunabaki pango. Na mabomba yasipandane kama mikeka. Yakilazimika kupishana, weka mto wa mchanga kati yake.

Udongo wa mahali unabadilisha kazi. Pwani yote, kuanzia Mtwara hadi Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, unaweza kukutana na mwamba wa matumbawe. Mtaro uliochongwa humo una meno pande zote na matundu yanayomeza mchanga. Tandika kwanza kitambaa cha jiotekstaili chini na kuta zote mbili, kisha mchanga, la sivyo mvua mbili za masika zitauondoa mchanga na kuliacha bomba limelala juu ya meno. Mchanga wa baharini usiutumie. Plastiki haudhuru, lakini chumvi yake inakula kila kitu cha chuma kilichopo karibu.

Ukiwa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, usiurudishe mtaroni. Unainua na kushusha bomba kila mwaka mpaka maungio yachoke. Chimba zaidi, utupe, leta kifusi kizuri. Na penye maji ya juu ya ardhi, tanki tupu ni boti: la lita 20,000 likizamishwa lote linasukumwa juu kwa nguvu ya kama tani 20, ukitoa uzito wake. Likifungwa vibaya na kuinuka sentimita 3 tu, mabomba yote yaliyounganishwa nalo yanavutwa.

Kuvuta au kusukuma

Kwa kituo kidogo chenye pampu mbili na matanki ya karibu, mfumo wa kuvuta bado ni mzuri na mimi ningeuchagua. Kila pampu ina bomba lake kwa kila aina ya mafuta, na injini ya kuvutia imo ndani ya pampu. Ila kuna jambo moja linaloutofautisha mfumo salama na wa hatari: mahali pa chekivalvu, yaani valvu inayopitisha mafuta upande mmoja tu. Zamani iliwekwa futivalvu (chekivalvu ya mwisho wa bomba) ndani ya tanki au chekivalvu juu yake ili bomba libaki limejaa. Bomba likitoboka, mafuta yote yaliyobanwa humo yanashuka ardhini. Weka chekivalvu moja tu, chini ya pampu yenyewe. Bomba likipata tundu, hewa inaingia, mafuta yanarudi tankini kwa mteremko uliouweka, na pampu inakataa kuvuta. Tatizo linajitangaza lenyewe siku hiyo hiyo.

Mipaka ya kuvuta ni joto na mwinuko. Petroli huchemka kirahisi, na kinachoisukuma juu ni hewa ya nje. Mbeya, kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa hiyo ina nguvu ya bar 0.82 hivi badala ya 1.01 ya pwani. Tanki la kina kirefu, bomba refu na jua la saa nane mchana vikikutana hapo, pampu itakuwa inasaga mvuke. Usifidie kwa kupunguza kipenyo cha bomba, hiyo inazidisha.

Pampu zikiwa nne na kuendelea, au tanki likiwa mbali, weka pampu ya kuzama ndani ya tanki. Bomba moja kwa kila aina ya mafuta linatosha, linapita chemba hadi chemba na kugawanywa kwa tii, fitingi ya njia tatu. Faida ni nyingi, lakini sasa bomba lina presha ya bar 2 na kitu, na tundu dogo linarusha mafuta muda wote pampu inapofanya kazi. Kitambuzi cha uvujaji kinachofungwa kwenye kichwa cha pampu hiyo, kwa kipimo cha Marekani kinachofuatwa na watengenezaji wengi, kinatakiwa kukamata uvujaji wa lita 11.4 kwa saa kwenye bar 0.7. Uvujaji wa lita 1 kwa saa kinaweza kuuacha upite. Fanya hesabu ya saa 16 za kazi kwa siku 30 uone ni lita ngapi: 480. Kwa hiyo kwenye mfumo wa kusukuma, kuta mbili na chemba zisizovuja ni lazima, wala si anasa ya kituo kikubwa.

Kuchomelea

Kwanza bomba lenyewe. HDPE nyeusi, bomba la poliethilini la maji linalouzwa madukani, haifai kwa mafuta, hata iwe nene vipi. Petroli hupenya ukuta wa poliethilini taratibu na kuulainisha. Bomba la mafuta lina utando maalumu ndani wa kuzuia hilo, na limeandikwa kiwango chake mgongoni. Tafuta EN 14125 au UL 971. Ukubwa wa kawaida ni milimita 63 kwa mabomba ya kwenda pampu na ya kupumulia, na 110 kwa kujazia.

Maungio huchomelewa kwa fitingi zenye waya wa umeme ndani. Mashine inasoma msimbo wa fitingi na kupima muda yenyewe, ndiyo maana watu hudhani kazi ni ya mashine. Kazi ni ya skrepa, kifaa cha kukwangulia bomba. Uso wa bomba lililokaa hewani na juani una ngozi nyembamba iliyooza, na plastiki haishikani kupitia ngozi hiyo. Kata bomba kwa pembe mraba. Pima kina cha kuingia kwenye fitingi, weka alama, kisha kwangua sehemu yote hiyo mpaka uondoe kama milimita 0.2. Chora mistari ya kalamu kuzunguka bomba kabla hujaanza. Mstari uliobaki unaonyesha pale skrepa haikugusa. Msasa haukubaliki, unasugua uchafu uingie ndani badala ya kuutoa.

Futa kwa kitambaa cheupe na alkoholi ya aisopropili, si petroli wala thina. Subiri ikauke. Kuanzia hapo hakuna kidole kinachogusa, kwa sababu jasho na mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu ungio. Ingiza hadi kwenye alama, funga klampu, chomelea, na klampu isifunguliwe mpaka muda wa kupoa ulioandikwa kwenye fitingi umalizike. Mahali hapa ndipo haraka inapoua kazi. Ungio lililotikiswa likiwa moto linaonekana zuri kwa macho, vijiti vidogo vya ishara kwenye fitingi vimetokeza, na hata kipimo cha presha linaweza kupita, kisha linaachia mwaka wa pili.

Umeme uwe wa uhakika. Jenereta ndogo ya kuwashia taa, au waya mrefu mwembamba uliounganishwa mara tatu, unashusha volti na mashine inakata katikati. Ikikata, usichomelee tena juu yake. Kata kipande chote, weka fitingi mpya, na hiyo ndiyo sababu ya kuagiza fitingi mbili tatu za ziada tangu mwanzo. Mvua ikianza, simamisha au funika kwa turubai.

Halafu kuna joto. Plastiki hii hurefuka na kufupika sana: bomba la mita 30 likipoa nyuzi 20 linafupika kwa sentimita 9 hadi 12. Ukilipima na kulikata saa saba mchana limelala juani, usiku litajivuta na kung'ang'ania kuta za chemba. Maungio ya mwisho yanayofunga urefu wote yafanye asubuhi na mapema, na kufukia kufanyike bomba likiwa limepoa.

Chemba na vilivyomo

Bomba liingie kwenye ukuta wa chemba likiwa limenyooka, pembe mraba, na tundu litobolewe kwa msumeno wa duara wa kipimo sahihi. Tundu la kuchomwa kwa nondo ya moto haliwezi kushika buti ya mpira, ile inayoziba nafasi kati ya bomba na ukuta wa chemba. Bomba likiingia kiupande, buti inavutwa upande mmoja na maji ya mvua yanaingia. Chemba iliyojaa maji inakinyamazisha kitambuzi au inakifanya kilie kila siku mpaka mtu akizime. Baada ya kufunga kila kitu, jaza chemba maji hadi juu ya buti ya juu kabisa, weka alama, acha saa 24. Maji yakishuka, tafuta njia yake kabla hujafukia.

Chini ya kila pampu ya mfumo wa kusukuma kunafungwa valvu ya kukatika. Gari likigonga pampu, valvu hiyo inavunjika kwenye shingo yake na kufunga mafuta. Itafanya hivyo ikiwa tu shingo iko usawa wa sakafu ya kisiwa (jukwaa la zege linalobeba pampu), kwa tofauti isiyozidi milimita 12 juu au chini, na mwili wake umefungwa imara kwenye chuma kilichoshikwa na zege. Ikining'inia kwenye bomba, gari litang'oa vyote pamoja.

Nyuzi za chuma zipakwe gundi ya nyuzi inayostahimili mafuta. Katani na rangi ya mafuta ni za mabomba ya maji. Petroli inaitafuna rangi. Thredi tepu nyeupe haiyeyuki, lakini vipande vyake hukatika na kwenda kuziba chujio na kitambuzi cha uvujaji. Bomba la chuma lililobaki ardhini, kwa mfano mguu wa bomba la kupumulia, lizungushiwe tepu ya kuzuia kutu. Lile la kupumulia, kila tanki liwe na lake, inchi 2, na mdomo uwe juu: kiwango cha Marekani kinataka angalau mita 3.7, na kuongeza kidogo hakuna hasara. Usiutokeze chini ya kanopi wala karibu na dirisha.

Bomba la kujazia lishuke hadi sentimita 10 mpaka 15 kutoka sakafu ya tanki. Mafuta yakidondoka kutoka juu yanazalisha umeme tuli na mvuke kwa pamoja. Waya za umeme zisilale mtaro mmoja na mabomba ya mafuta, na mifereji yake izibwe kwa ziba maalumu kila inapotoka kwenye chemba, maana mvuke wa petroli husafiri ndani yake hadi ofisini.

Kupima

Pima mara mbili: mabomba yakiwa wazi mtaroni, na tena baada ya kufukia. Kwanza yatenganishe na matanki, pampu na vitambuzi, kisha ziba ncha. Hili la matanki si la kupuuza. Bar 3.5 ndani ya tanki lenye kipenyo cha mita 2.5 inasukuma kila kichwa cha tanki kwa zaidi ya tani 170. Tanki la ardhini hupimwa kwa takriban bar 0.3 tu.

Anza na bar 0.35, paka maji ya sabuni kila ungio, angalia mapovu. Ndipo upandishe hadi mara moja na nusu ya presha ya kazi, kwa kawaida bar 3.5. Watu wasisimame mbele ya ncha zilizozibwa, kofia ikiruka ni risasi. Tumia geji ya bar 0 hadi 6. Ile ya bar 25 haikuonyeshi kushuka kwa 0.1. Plastiki hutanuka kidogo mwanzoni, hivyo acha itulie, rudisha presha, kisha anza kuhesabu saa moja. Ukuta wa nje upimwe peke yake kwa bar 0.35. Bomba lililowahi kuwa na mafuta lisipimwe kwa hewa kamwe, tumia naitrojeni.

Andika joto pamoja na presha. Hewa iliyofungwa kwa bar 3.5 ikiwa na nyuzi 35, ikipoa hadi 25, geji itasoma kama 3.35 bila tone kuvuja. Hatari kubwa ni kinyume chake: ukianza asubuhi yenye ubaridi na jua likapanda, presha inaongezeka na kuficha uvujaji halisi. Pima alfajiri au jioni, au kukiwa na mawingu.

Ukiridhika, usitoe presha. Fukia mabomba yakiwa na bar 3.5 na geji ikionekana, na iendelee hivyo wakati wa kufunga nondo na kumwaga zege. Koleo, kigingi au ncha ya nondo ikitoboa bomba, geji inaanguka hapo hapo na unajua ni mita ipi, kwa sababu watu bado wamesimama juu yake. Weka utepe wa tahadhari sentimita 30 juu ya mabomba, na shindilia kwa tabaka. Kompakta nzito isipite mpaka pawe na kifusi cha kutosha.

Kabla ya kufunika, piga picha kila ungio na tepu ya kupimia ikiwa imelazwa pembeni, na chora ramani yenye vipimo kutoka nguzo za kanopi, kwa sababu nguzo hazihami. Nakala moja ibaki ofisini kwenye kituo. Mafuta ya kwanza yakiingia, toa hewa kwenye kila pampu kuanzia ya mbali, jaribu kitambuzi kwa kuvujisha mafuta kwa makusudi kwenye chombo cha kupimia, piga valvu za kukatika uone zinafunga. Kesho yake fungua chemba zote kwa tochi isiyotoa cheche. Zinatakiwa ziwe kavu kabisa, na zikaguliwe tena baada ya wiki moja na baada ya mvua kubwa ya kwanza.